Nyaya za Rula

Kwa kaka yangu Rula,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute mzima, umeshiba na umekaa kitako. Kama umesimama, kaa. Na kabla sijaendelea nakuomba usirukie mwisho kama unavyofanya na magazeti. Ndani ya bahasha kuna kidude kimefungwa kwenye kipande cha kitambaa cha kijivu. Kama umeshakiona, kiweke kando mpaka nikuambie ni nini.

Sisi huku hatujambo. Mama goti bado linamsumbua, na fimbo ameikataa, anasema fimbo ni ya wazee. Mimi nipo na cherehani yangu. Msimu wa sare za shule umenikuta, nimeshona sketi za kijivu mpaka naota kijivu. Mwenye chumba cha duka ameupaka ukuta rangi ya waridi bila kuniuliza, sasa watu wanaingia wakitaka kusukwa nywele. Wawili nimewasuka, maana riziki haikataliwi.

Najua unajiuliza kwa nini nimeandika wakati simu ipo. Ni kwa sababu simu unaikata. Nikitamka tu neno Baba, mtandao wa kwako unaharibika papo hapo. Barua haikatiki. Ungeweza kuichana, lakini nakujua, wewe hata bahasha unaifungua kwa wembe na kingo zinyooke.

Nikurudishe kidogo nyuma, ili tuwe tunazungumza jambo moja. Kiwanda cha uchapaji kilipofungwa ulirudi nyumbani na begi moja, ukalala chumbani kwako kwa zamani kati ya mashine yangu mbovu na magunia ya vitambaa. Kila siku ulitoka kutafuta kazi, na kila uliporudi ulipita moja kwa moja uani kwenye karakana ya Baba ukawa unamshikia bisibisi. Halafu asubuhi moja nikakukuta mlangoni umeshavaa viatu. Ukanivuta pembeni ukaniambia kwamba jana yake alasiri ulimsikia Baba kwa masikio yako mawili akimwambia rafiki yake Mzee Betri kuwa humu ndani ana kupe. Kwamba anakula tu na kazi hafanyi. Kwamba amemvumilia vya kutosha na kesho atamtoa. Na Mzee Betri, badala ya kumkanya mwenzake, akacheka na kumwambia umemfuga mwenyewe. Ukasema mtu mzima haambiwi mara mbili. Ukaniapisha nisimwambie yeyote, ukaenda zako.

Kaka, nilibaki na neno lile kama mtu aliyemeza mfupa. Baba nilimnunia. Chakula nilimpelekea na kumwamkia nilimwamkia, ila mazungumzo niliyabania. Mzee Betri ndiyo kabisa, akija mlango huu mimi natokea ule. Kuhusu wewe Baba hakusema baya wala zuri, alisema tu kwamba kijana ameudhika, akipoa atarudi. Kitu kimoja ndicho kilichomshangaza Mama: alikuta sinia la chai limewekwa chini kwenye kizingiti cha karakana, vikombe viwili vimejaa pomoni, chai imepoa hadi imefanya utando. Akanilaumu mimi kwa uvivu. Kwa ajili ya kiapo chako nikakubali lawama.

Sasa habari zenyewe. Baba amepasuliwa mtoto wa jicho. Yale macho aliyokuwa akisema vumbi, vumbi, halikuwa vumbi. Jicho moja limeshatengemaa, la pili litangoja kidogo. Daktari alipomfungua bandeji akamwuliza anaona nini, naye akajibu kwamba anamwona daktari anayehitaji kunyoa ndevu. Tukajua kwamba upasuaji umefaulu. Mikono yake ndiyo imeanza kutetemeka. Uzi kwenye sindano hawezi tena kuupitisha, na chuma cha kulehemu amekiacha mwenyewe bila kuambiwa.

Unakijua kikao chao cha hewani cha Jumamosi, wale wastaafu wenzake wa kituo cha redio, kila mmoja nyumbani kwake na mtambo wake na leseni yake ukutani. Amplifaya ya Baba ilizimwa wiki ileile uliyoondoka wewe, na haijawashwa tena. Ile redio yake ndogo peke yake haina nguvu ya kufika mbali. Kwa hiyo mwaka mzima na zaidi amekuwa akiwasikia wenzake vizuri kabisa, wao hawamsikii. Mimi hilo sikulijua, maana nilikuwa nimenuna.

Jumamosi moja baada ya hospitali nikampelekea chai. Nikasikia wale wazee wanazungumza habari za mtu. Mmoja akasema hakuwahi kumkatisha mwenzake maneno. Mwingine akasema alikuwa mtu wa utaratibu, hata kucheka alicheka kwa zamu. Nikadhani wamefiwa. Nikageuka kumtazama Baba, nikamwona ameshika maikrofoni karibu na mdomo, anasema polepole, "Nipo. Jamani, nipo." Anasema kama mtu anayebisha hodi kwa wenye nyumba waliolala. Nao wakaendelea kumsifu. Aliponiona akatabasamu, akasema wengi hawabahatiki kusikia wanavyosifiwa wakiondoka. Nikacheka naye. Lakini kidole chake kilikuwa bado kimebana kitufe cha maikrofoni, na hakukiondoa mpaka wenzake walipoagana. Nilitoka nikaenda kulia jikoni, na siyo kwa vitunguu.

Mzee Betri aliwapigia simu aliokuwa na namba zao, akawaarifu kwamba marehemu anaendelea vizuri. Hilo lilisaidia kidogo tu. Kujulikana kwamba upo hai ni jambo moja, kusikika ni jingine.

Nikamwuliza Baba kwa nini amplifaya haitengenezwi. Akasema imezeeka, ipumzike. Nikajua ananidanganya, maana kitu kilichozeeka hakipanguswi vumbi kwa brashi kila asubuhi. Nikameza kiburi changu nikaenda kwa Mzee Betri. Unajua kwa nini anaitwa hivyo: maneno hayamwishi. Akanikalisha akanieleza ugonjwa wa ule mtambo kama anavyomweleza mtu asiyejua kitu, na mimi nitakueleza hivyohivyo, kwa kuwa wewe nyaya ulizipanga lakini ugonjwa wenyewe hukuambiwa.

Zile taa mbili kubwa za kioo ndizo zinazokuza. Unazipa sauti ndogo ya redio, zinaitoa kubwa. Lakini taa haina adabu, inakuza chochote kinachoifikia. Kama waya unaotoka kichwani mwake ni mrefu, kidogo cha kile ilichotoa kinapenya na kuirudia, nayo inakikuza tena, kinarudi tena. Umewahi kusikia spika ya mkutanoni inavyopiga mluzi maikrofoni ikisogezwa karibu. Ndiyo hivyo, ila mluzi huu ni wa kasi mno, sikio halifiki huko. Mtambo unatetemeka wenyewe hata kabla hujaupa kitu. Unakula umeme, taa zinachemka, rezista zinaungua, na wewe umekaa pale husikii chochote.

Dawa yake, akasema, ni ndogo kuliko kidole. Unachukua rezista, kile kipande kinachobana umeme, unaizungushia juu yake waya mnene mizunguko michache, unaibandika kichwani mwa taa kabisa. Wimbi la kazi linapita kwenye ule mzunguko bila taabu. Lile la kasi linashindwa kuzikata zile kona, linalazimika kupita kwenye rezista, na humo linaishia likiwa joto. Lakini lazima ikae pale pale kichwani. Ukiisogeza shubiri moja tu, ni pambo. Na waya wenyewe ufupishwe. Nikamwuliza kama Baba anaijua dawa hiyo. Akanitazama kama nimemwuliza kama mpishi anaijua chumvi. Akasema Baba aliijua tangu siku ya kwanza, walilizungumza wawili, na aliyekataa ni yeye Baba.

Basi nikatengeneza mwenyewe. Mzee Betri akanipa rezista mbili nene na waya wa shaba, na mimi kuzungusha uzi ndiyo kazi yangu, bobini ngapi zimepita mkononi mwangu. Nikampelekea Baba. Akazishika karibu na jicho lake jipya, akazigeuza, akasema koili hizi zimefumwa, hazikuzungushwa. Kwa Baba hiyo ni tuzo. Lakini nilipochukua koleo ya kukatia waya akanizuia mkono. Akasema nyaya zile hazikatwi. Nikamwuliza sasa koili hizi nizivae masikioni? Akasema hata masikioni zitapendeza.

Nilikasirika, kaka. Nikamwambia wenzake wanamzika huku yeye anatunza nyaya.  Mzee Betri, aliyekuwa amekaa kwenye kile kigoda cha betri kuukuu, akasema angalau iwashwe, mtoto aone kwa macho. Baba akakubali shingo upande. Akaiwasha amplifaya bila kuiunganisha na redio wala kuipa chochote. Taa zikaanza kuwa nyekundu taratibu. Sindano ya mita ikakaa kimya, halafu ikaruka yenyewe, kama mtu aliyeguswa kwa nyuma. Baba akanipa ile bisibisi ya kupimia umeme yenye kitaa ndani ya mpini, akaniambia niisogeze karibu na sanduku nisiguse. Kitaa kikawaka hewani. Na papo hapo ukuta ukagongwa: ni jirani yetu, mwalimu mstaafu wa hesabu, mpira umeingia mistari kwenye televisheni yake na sasa hajui nani kafunga. Baba akazima haraka. Akavua miwani, akamgeukia Mzee Betri, akasema kwa sauti ya mtu aliyechoka:

"Yumo bado."

Nikauliza nani.

"Kupe," akasema Baba.

Kaka, nilikuwa nimeishika ile bisibisi, ikaniponyoka. Nikamwomba arudie. Akanieleza kwa upole, akidhani sijaelewa mambo ya ufundi, kwamba kule kituoni tangu ujana wao mtetemo huo wa siri waliuita kupe. Kwa sababu humwoni, yumo ndani, anakula tu na kazi hafanyi, na ukimwacha atainyonya taa mpaka ife. Mzee Betri akadakia akasema na kupe wa mtambo mara nyingi unamfuga mwenyewe, kwa waya mrefu.

Hapo nikavunja kiapo chako. Sikuomba ruhusa na sitaomba msamaha. Nikawaambia wote wawili uliyoyasikia, neno kwa neno kama ulivyoniambia mlangoni siku ile. Nikamaliza na kumwambia Baba kwamba mwanao aliondoka kwa sababu ulimwita kupe.

 Baba akaiweka miwani mezani, akaichukua, akaiweka tena. Kisha akaniuliza ulikuwa umesimama wapi. Nikamwambia mlangoni, unawaletea chai. Akasema, "Kumbe lile sinia." Akakaa chini juu ya sanduku la vifaa bila kutazama kama lina misumari. Mzee Betri akafungua mdomo akaufunga. Ni mara ya kwanza nimemwona ameishiwa chaji.

Baadaye Baba akanisimulia upande wake, na hiki ndicho kilichonifanya nikuandikie. Amplifaya ilianza ugonjwa baada ya wewe kuipanga upya. Si unakumbuka ulivyoikuta, nyaya zimerundikana kama nywele za mtu aliyeamka, na ulivyokaa siku nyingi ukazinyoosha zote, kila waya na kona yake ya mraba, sambamba, kama kurasa ulizokuwa ukizipanga kiwandani. Ulipomaliza Baba aliwaita watu kuja kuona. Mwalimu wa hesabu alikuja na akasema pembe zote ni za nyuzi tisini. Sasa nyaya zilizonyooka hivyo zinazunguka njia ndefu, na kupe anapenda njia ndefu. Baba akayaona hayo wiki ileile. Hakukuambia. Aliona mtu ametoka kupoteza kazi, ameshika kitu kimoja akakifanya vizuri, atamwambiaje hicho nacho ni kibaya.

Kwa hiyo alimwambia Mzee Betri peke yake, alasiri ile, mlango wazi. Mzee Betri akamshauri nyaya zile zing'olewe zote. Na Baba akamjibu kwamba hata mmoja haung'olewi, kwamba maisha yake yote hajafanyiwa kazi nzuri kama ile, na kupe atamtoa kwa njia nyingine. Hayo ndiyo uliyoyakosa. Ulikuwa umeshaweka sinia chini. Ungesubiri kwa muda wa kunywa kikombe kimoja, ungesikia ukisifiwa kama Baba anavyosifiwa na wenzake siku hizi, bila yeye mwenyewe kusikika.

Asubuhi alipoambiwa umeondoka, aliamini kwamba ulisikia zile nyaya zako zikikosolewa ukaumia. Njia nyingine alizijaribu, hazikufaulu. Ikabaki kukata. Akauzima mtambo. Aliniambia kwamba asingeweza kuzikata nyaya za mtoto aliyeondoka kwa uchungu wa nyaya hizo hizo, ingekuwa kama kumwambia asirudi. Kaka, mwaka mzima Baba amekaa bila sauti kwa ajili ya kona zako za mraba. Na mimi nikimpelekea chakula nikimtazama kama adui. Nimemwomba radhi. Akasema nilikuwa namtetea kaka yangu, na mwenye kumtetea nduguye hana kosa.

Nilimwambia basi sasa kila kitu kimejulikana, nikate nyaya, Jumamosi azungumze na wenzake. Amekataa katakata. Anasema mwenye nyaya yupo.

Ndiyo maana nimekutumia kile kidude kilichofungwa kwenye kitambaa cha sketi. Sasa unaweza kukifungua. Ni koili moja. Nyingine iko kwenye kopo langu la bobini, juu ya meza ya Baba, na amekataza lisiguswe. Taa ni mbili, na Mzee Betri anasema ukiiponya moja ukaiacha mwenzake, kupe anahama tu chumba. Moja peke yake haifai kitu, si kwako wala si kwetu.

Huko kazini kwako, kwenye kiwanda cha maboksi, omba ruhusa ya siku chache, hawatakunyima. Waya wenyewe ni wa kukatwa urefu wa kidole, nimeshaupima, kona zako nyingine zote zitabaki kama zilivyo. Mikono ya Baba inatetemeka kama nilivyokwambia, hawezi kukata wala kulehemu. Amesema nikuandikie hivi: safari hii bisibisi atashika yeye.

Mama anakusalimu sana na kusema lile shati lako la mistari analo. Mzee Betri anakusalimu pia, salamu ndefu, nimezifupisha. Mwalimu wa hesabu anauliza utakuja siku gani, kwa sababu kuna fainali. Baba hakutuma salamu. Alisema salamu atazitoa mwenyewe, mlangoni, na ukifika na sinia usiliweke chini.

Ni mimi mdogo wako anayekupenda,

Sindano